Methodi za Kurithi Zisihesabiwe na Zana ya Kuzalisha Metadata

Anayeandika zana ya kuzalisha metadata (maelezo kuhusu muundo) za klasi za Qt, maktaba ya C++ ya kutengenezea programu, kwa mfano ili kuiunganisha maktaba hiyo na lugha nyingine ya programu, namshauri ashike kanuni moja: kila klasi ihesabu methodi zake yenyewe tu, yaani kazi zinazotangazwa ndani yake. Idadi ya zilizorithiwa isiandikwe popote katika msimbo unaozalishwa, kwa kuwa Qt huitafuta yenyewe programu inapoendeshwa, ikipanda kutoka klasi hadi klasi mzazi; na toleo jipya la maktaba likiongeza methodi kwa mzazi, namba iliyokwisha kuandikwa ndani ya mwana huwa si ya kweli tena.

Niliwahi kurekebisha zana ambayo jedwali lake la methodi lilikuwa sahihi, ila idadi inayopunguzwa kwenye namba ya wito ndani ya qt_metacall, kazi inayopokea wito na kuufikisha kwa methodi husika, ilijumlisha na za kurithi. Tuchukue klasi Mita, inayorithi QObject (klasi ya msingi ya Qt) na yenye methodi 3, kisha MitaYaMaji inayorithi Mita. Methodi ya kwanza ya MitaYaMaji inapoitwa, QObject hutoa idadi yake kwenye namba ya wito, ikabaki 3. Mita huangalia kama 3 ni ndogo kuliko idadi yake. Kwa kuwa si ndogo, hutoa 3, ikabaki 0, na MitaYaMaji huendesha methodi yake namba 0. Lakini Mita ikijumlisha na za kurithi na kudai kuwa na methodi 8, huudaka wito usio wake, hukosa cha kuendesha, kisha hurudisha namba hasi, ambayo maana yake ni kwamba wito umeshashughulikiwa. Programu haianguki wala haitoi onyo. Mtumiaji anabonyeza kitufe na hakuna kinachotokea. Idadi ya Mita ikipungua kwa moja ni hatari zaidi, kwani huendeshwa methodi ya jirani.

Upungufu huo huja kwa urahisi penye vigezo vinavyoweza kuachwa. Ishara (methodi ya kutangaza tukio) destroyed ya QObject huingia kwenye jedwali mara mbili, yenye kigezo na isiyo nacho. Sloti (methodi inayopokea ishara) iliyotangazwa upya kwa mwana nayo hupata nafasi yake, hata jina likiwa lile la mzazi, kwa hiyo kuchuja kwa majina hakufai. Hesabu orodha ileile inayoandikwa kwenye jedwali, nakala zisizo na vigezo vilivyoachwa zikiwa zimeshaongezwa, na idadi hiyo itumike kila mahali.

Majaribio yawe ya vizazi vitatu, kwa sababu idadi ya Mita iliyozidi haiathiri methodi za Mita yenyewe. Athari huonekana kwa MitaYaMaji.