Jibu: Samaki kwa familia ya watu sita hapa Moshi

Dada, umeuliza utawezaje kupika samaki mara mbili kwa wiki bila kuvunja bajeti ya nyumba. Anza na dagaa. Najua watoto wako wanalalamika ni wachungu na wana mchanga, lakini hilo ni la maandalizi tu. Toa vichwa na matumbo, uchungu mwingi uko humo. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, osha mara tatu au nne hadi maji yatoke bila mchanga, kisha wakaange kwenye mafuta kidogo wakauke kabisa kabla ya kuweka kitunguu, nyanya na hoho. Ndimu mwishoni. Mimi huongeza karanga za kusaga, na sahani zinarudi tupu. Tena dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo watoto wanapata madini ya kalsiamu.

Wanunue sokoni kwa kipimo, Mbuyuni kwa mfano, na unuse kwanza. Wakiwa na harufu ya uvundo au unyevunyevu, waache.

Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu hawatoki mbali, uliza wale wadogo. Wawili wakichambuliwa miiba na kuchanganywa na mchicha wa nazi wanatosha mboga ya ugali kwa nyumba nzima. Kichwa cha sangara nacho kinatoa supu nzito, ukitia ndizi mshare humo umemaliza chakula cha jioni.