Kaya 60 zinatosha kujua nini? Jibu kwa katibu wa kikundi cha mwani, Muheza

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani katika kijiji kimoja cha pwani, Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Kijiji kina kaya 640 katika vitongoji vinne vinavyokaribiana kwa ukubwa: viwili viko barabarani na viwili upande wa baharini, na hivi vya baharini viko nyuma kwa maji na kwa mikopo ya halmashauri. Sasa watafiti wa chuo kikuu wameomba kuchunguza usawa wa huduma kijijini, na wanasema sampuli ya kaya 60 inatosha. Waliowatangulia walijaza madodoso wakaenda zao, na hatukuona kilichotoka. Je, kaya 60 zinatosha kweli? Tufanyeje ili matokeo yatufikie na yatusaidie halmashauri? Wenzangu wengine wanataka tudai malipo kwanza.

JIBU: Waalaykum salaam, Bi Katibu. Kaya 60 zinatosha kwa swali moja na hazitoshi kwa jingine, na bahati mbaya swali ambalo hazilitoshi ndilo lako.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kaya 60 zikichaguliwa kwa nasibu kati ya 640, na nusu yao wakasema wanapata maji ya bomba, kosa la sampuli litakuwa takriban asilimia 12 juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 ambacho watafiti wengi hukitumia. Maana yake ni kwamba hali halisi ya kijiji kizima inaweza kuwa popote kati ya asilimia 38 na 62. Kwa picha ya jumla ya kijiji hilo linavumilika. Lakini ukizigawa kaya hizo 60 kwa vitongoji vinne, kila kimoja kinabaki na 15, na kosa linapanda hadi kama asilimia 24 kila upande. Kwa sampuli hiyo, kitongoji chenye asilimia 35 ya kaya zenye maji na kitongoji chenye asilimia 60 haviwezi kutofautishwa kwa uhakika, na ripoti itaandika kwa haki kabisa kwamba "hakuna tofauti ya kitakwimu iliyoonekana". Diwani akiisoma sentensi hiyo ataielewa kuwa vitongoji vyote viko sawa, jambo ambalo mtafiti hakulisema.

Nakushauri uwaombe watafiti wakigawe kijiji katika matabaka mawili, barabarani na baharini, kisha wachague kaya 100 kutoka kila upande. Kwa kuwa kila upande una kaya kama 320, kosa litashuka hadi takriban asilimia 8, na pengo la kweli litajitokeza. Wakikuambia kwamba kaya 60 ni karibu asilimia kumi ya kijiji na kwa hiyo zinatosha, waulize kanuni hiyo wameitoa wapi. Imezunguka sana vyuoni, lakini kinachopunguza kosa ni idadi ya kaya zinazohojiwa, wala si sehemu zinayochukua katika jumla, isipokuwa kwa kiasi kidogo. Gharama ya kaya 140 za nyongeza inaweza kufidiwa kwa kulipunguza dodoso. Kwa maoni yangu, dodoso la kurasa kumi na nne linalouliza hadi idadi ya redio na baiskeli ni anasa ambayo utafiti wa usawa wa huduma hauihitaji.

Uchaguzi wa kaya una uzito uleule. Mara nyingi mdadisi hufika kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye kwa ukarimu humpeleka kwenye nyumba zilizo karibu na zenye watu wanaojieleza vizuri. Hiyo si nasibu. Orodha ya kaya zote iandikwe kwanza kutoka kwenye rejista ya kijiji, ihakikiwe na mabalozi ili waliohamia karibuni nao wawemo, kisha kaya zichaguliwe kwa kura ya vikaratasi mbele ya watu. Hapa kuna jambo ambalo mgeni hatalijua usipomwambia. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na muda huo wanawake wa upande wa baharini wako ufukoni wakifunga mbegu za mwani kwa tai-tai (vikamba vidogo) na kukaza pegi (vijiti vya kushikilia kamba). Mdadisi atakayepiga hodi saa hiyo atamkuta mume au atakuta mlango umefungwa, na akiruka kwenda nyumba ya jirani, kaya zinazotegemea mwani zitapungua katika sampuli bila mtu yeyote kukusudia. Kazi ya upande wenu ipangwe siku za maji mafu, ambapo bahari haipwi sana, au jioni, na kaya iliyokosekana irudiwe kabla ya kubadilishwa. Vilevile maswali ya kipato yasielekezwe kwa mkuu wa kaya peke yake, kwa sababu mume huenda hajui fedha ya mwani iliyoingia mkononi mwa mkewe, na akiulizwa yeye, fedha hiyo haitaonekana popote.

Kuhusu maji, hamhitaji sampuli kabisa. Vituo vya maji huhesabika vyote kwa siku moja, na kikundi chenu kinaweza kuifanya kazi hiyo pamoja na watafiti. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha kituo kimoja kwa watu 250, kisichozidi mita 400 kutoka kwenye makazi. Chukua mfano wa kijiji chenye watu 3,000 na vituo 12: kwa wastani kiwango kimetimia barabara. Lakini ikiwa vituo 9 viko barabarani wanakoishi watu 1,200, na 3 viko baharini wanakoishi watu 1,800, basi upande mmoja kituo kinahudumia watu kama 133 na upande wa pili watu 600. Jedwali la mistari miwili la namna hiyo, lenye safu ya tatu ya vituo vinavyotoa maji kweli siku ya kuhesabu, lina nguvu mezani kuliko sura nzima ya nadharia. Mikopo nayo ifanyieni vivyo hivyo: sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na majina ya vikundi vilivyopata yamo katika kumbukumbu za ofisi ya maendeleo ya jamii.

Usishangae kwamba takwimu za taifa hazikusemei. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, vijijini wakiwa asilimia 31.3 na mijini 15.8. Utafiti huo ulibuniwa kutoa makadirio hadi ngazi ya mkoa. Chini ya hapo haukukusudiwa kusema kitu, na mkoa wa Tanga una Lushoto ya milimani, Handeni ya nyika na pwani yenu, vyote katika tarakimu moja. Utafiti mdogo uliopangwa vizuri unaweza kuliziba pengo hilo.

Sasa namna ya kuyapata matokeo. Mtafiti wa chuo cha ndani hubeba barua ya utambulisho inayopitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Wilaya hadi kwa Mtendaji wa Kijiji, na mtafiti wa kigeni anatakiwa awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Barua hizo humruhusu kuingia tu, hazimlazimishi kurudi. Kwa hiyo halmashauri ya kijiji iandikiane naye hati fupi ya makubaliano, yenye masharti matatu: matokeo yagawanywe kwa upande wa barabarani na wa baharini, yasomwe kwa Kiswahili katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, na nakala ya majedwali ibaki kwa Mtendaji. Majina na namba za simu za waliohojiwa yasiwemo katika nakala hiyo, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazilinda, na kijijini hata umri na idadi ya watoto hutosha kumtambulisha mtu.

Tarehe iandikwe pia, na hapa msilegeze. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele vya vijiji huibuliwa miezi mingi kabla, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao wanakijiji wenyewe hupanga mahitaji yao, vikapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye Baraza la Madiwani. Majedwali yakifika Mei, bajeti imekwisha kufungwa na mtasubiri mwaka mzima. Ombeni matokeo ya awali ifikapo Novemba, hata kama ripoti kamili haijakamilika. Kwa jedwali la maji hilo linawezekana bila taabu.

Kuhusu malipo, kudai fedha kwa ajili ya majibu sikushauri, kwa kuwa anayelipwa kwa jibu huwa na sababu ya kulipendezesha. Fidia ya muda ni jambo jingine: mwanamke akikosa maji kupwa ya siku moja kwa ajili ya mahojiano, amepoteza kazi ya siku, na posho ndogo inayolingana kwa kaya zote ni haki, mradi itangazwe mapema na isitegemee alichojibu. Wanakikundi watakaosaidia kuorodhesha kaya na kuhesabu vituo walipwe kama wadadisi wengine. Watafiti wakikataa kugawa matabaka, waruhusuni waendelee na utafiti wao wa kaya 60, na ninyi mfanye hesabu ya vituo na mikopo wenyewe kwa daftari na kuipeleka kwa Mtendaji kabla ya Novemba.