Masomo ya mifumo ya taarifa na kazi unayoitafuta

Newala, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ya kutoka Dodoma tumeisoma, mimi na baba yako. Unauliza kama shahada ya mifumo ya taarifa itakufikisha kwenye kazi ya teknolojia, ilhali wenzako wa sayansi ya kompyuta wanakesha wakiandika programu na wewe unachora michoro ya mtiririko wa taarifa na kusoma uhasibu. Nakujibu kama mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika, ambaye kila msimu huitumia mifumo hiyo na kuwapokea vijana wanaokuja kuitengeneza.

Fuatilia gunia moja la korosho. Mkulima analileta chamani, linapimwa, naye anapewa stakabadhi. Linasafirishwa hadi ghala kuu, ambako uzito na ubora hukaguliwa upya. Kisha korosho huingizwa mnadani, na siku hizi wanunuzi hushindana kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mnunuzi akishalipa, makato huondolewa na kilichobaki hupelekwa kwenye akaunti ya mkulima. Kumbukumbu ya gunia hilo hupita kwa karani wetu, mwendesha ghala, chama kikuu na benki, na kila mmoja ana sababu zake za kuitaka iandikwe kwa namna fulani. Kijana aliyejifunza kuandika programu peke yake hufika akatuuliza tunataka vitufe gani. Aliyeelewa uchambuzi wa mifumo huketi na karani wa mizani, akamuuliza hufanya nini uzito wa ghalani ukipungua kuliko wa chamani, nani ana mamlaka ya kurekebisha, na marekebisho hayo yanaachwa wapi ili mkaguzi ayaone. Mimi humtegemea huyu wa pili, na ndiye ambaye michoro yako inamtengeneza.

Somo la kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zilizopangwa kwenye kompyuta, ambalo umelilalamikia kwa kurasa mbili nzima, ndilo ningekusihi ulishike kuliko yote. Edgar Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM aliweka misingi ya kanzidata za majedwali yanayohusiana mwaka 1970, na Peter Chen akachapisha ile michoro ya huluki (vitu tunavyovitunzia taarifa, kama mkulima au gunia) na uhusiano wake mwaka 1976. Bado tunaitegemea kwa sababu tatizo lililoizaa halijaondoka. Huku kwetu mtu mmoja anaweza kuwa Saidi kwenye daftari la chama na Said benki, na kijiji kimoja kikawa na akina Saidi Mohamedi watatu. Benki ikirudisha malipo kwa ajili ya herufi moja, kuna mtoto ambaye ada yake haijalipwa. Ukielewa kwa nini kila mkulima anahitaji namba yake isiyobadilika, na kwa nini jina lake litunzwe mahali pamoja ili likisahihishwa lisahihike kote, umeshashika kazi ambayo ofisi nyingi zinaililia.

Uhasibu usome tu, bila kunung'unika. Usalama wa mifumo usome pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa kuwa namba za simu na za akaunti za wakulima si mali ya karani wala ya fundi. Na mhadhiri akikuuliza mfumo utafanya nini mtandao ukikatika, usimwone msumbufu: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora nchini.

Hata hivyo wenzako hawajakosea kukesha. Chuo kitakupa upana, lakini mwajiri atataka pia kuona kitu ulichokitengeneza; kwa hiyo chagua lugha moja ya programu uijue kwelikweli, na SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, uiandike bila kufungua kitabu. Ukitaka uchambuzi wa mifumo, usimamizi wa kanzidata au ukaguzi wa mifumo ya TEHAMA, shahada yako inakufaa. Ukiona moyo wako uko kwenye kubuni lugha za programu au mashine zenyewe, hapo baba yako nami tutakubali uhame, mradi useme mapema kabla ya ada ya mwaka ujao.

Kasoro moja ya darasani naiona kwenye mazoezi uliyonitumia: taarifa zake ni safi mno, hakuna jina lililokosewa wala safu iliyoachwa wazi. Kwa hiyo mafunzo kwa vitendo usiyafanyie ofisini Dodoma. Njoo huku wakati wa likizo ndefu, kabla minada ya Oktoba haijaanza, tunapohakiki orodha za wakulima na akaunti zao. Barua ya chuo imwendee mwenyekiti wa bodi ya chama, isiandikwe kwa jina langu. Yeye ndiye atakayeamua, nami nitatoka nje ya kikao jambo lako likijadiliwa.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako