"Iliweza kukosea" au "ilikosea"?

Mwanafunzi mmoja wa kompyuta anaandika ripoti na ameniuliza: majaribio ya kompaila (programu inayogeuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa lugha ya mashine) aseme "yamejizalisha" au "yamezalishwa"? Sentensi yenyewe ni hii: "Tuliweza kutumia Csmith ambayo iliweza kuzalisha programu za C, na kompaila iliweza kutoa jibu lisilo sahihi."

Andika "yamezalishwa", au bora zaidi "yametungwa". Zalisha imetokana na zaa, na ni kazi ya mkunga tangu zamani. Hakuna kinachojizalisha chenyewe, na hapa mtungaji anajulikana.

Kilichonikera ni "weza" tatu katika sentensi moja. Ugonjwa huu umeenea. Taarifa ya habari inasema "ajali iliweza kutokea majira ya saa mbili", na mwingine atakuambia "mgonjwa aliweza kufariki". Kuweza ni kuwa na uwezo au nafasi. Ajali haikujaliwa uwezo wowote, ilitokea. Mgonjwa alifariki, Mungu amrehemu. Mtangazaji wa mpira namvumilia, maana anasema huku mpira unakimbia. Mwandishi wa ripoti ana muda wa kufuta.

Na katika kazi hii "weza" inaharibu ushahidi. Csmith, iliyotoka Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, hutunga programu za lugha ya kompyuta iitwayo C kwa kubahatisha. Kila programu, ikimaliza kazi, huchapisha namba inayokokotolewa kutokana na thamani za vigeu vyake. Programu ileile hupewa kompaila kadhaa, kisha majibu hulinganishwa. Tuseme mbili zimetoa 7 na ya tatu imetoa 8. Programu ni moja na maana yake ni moja, basi kuna kompaila iliyokosea, tena kimyakimya, bila kukwama wala kulalamika. Sasa mwambie mhandisi wake "iliweza kutoa 8". Ataelewa kwamba huenda siku moja itatoa 8, naye ataiweka ripoti yako kando. Mwambie "ilitoa 8", na ataketi kutafuta kosa. Watafiti walioitengeneza Csmith walieleza mwaka 2011 kwamba kwa miaka mitatu waliripoti hitilafu za kompaila zaidi ya 325 ambazo hazikuwa zikijulikana. Hizo zilikuwa hitilafu zilizotokea, si zilizoweza kutokea!

"Weza" ina kiti chake, na hapo siigusi: kompaila iliyofaulu majaribio yote ya leo inaweza kukosea kesho ikipewa programu nyingine. Hilo ni jambo la uwezekano kweli.

Kwa hiyo, mwanangu, andika: "Tulitumia Csmith kutunga programu za C, na kompaila ikatoa jibu lisilo sahihi." Kisha taja toleo la kompaila hiyo, na uambatishe programu iliyoikosesha.