Uzamili wa Ufundishaji wa Kusoma: Nilivyochagua Nikiwa Lamu

Mwaka ule nilikuwa na Gredi ya Pili kisiwani, watoto hamsini na kitu. Mmoja wao, mtoto wa nahodha, alikuwa akisoma kwa sauti tamu kuliko wote. Siku moja nikamfungulia ukurasa mwingine, nikafunika picha kwa kiganja. Akaendelea kutiririka na hadithi ya ukurasa uliopita, neno kwa neno. Kitabu kizima alikuwa amekihifadhi kama anavyohifadhi sura za Kurani jioni madrasani. Herufi zenyewe hazijui.

Nilikuwa na shahada ya ualimu na miaka tisa kazini, na sikujua nianzie wapi kumsaidia. Ndipo nikaanza kutafuta uzamili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua kwa jina. Marekani zipo shahada za uzamili zinazoitwa waziwazi za kusoma, na nyingi zimefungamana na leseni ya mtaalamu wa kusoma inayotolewa na jimbo. Leseni hiyo ni ya jimbo lile. Huku TSC, tume inayoajiri walimu wa Kenya, haikupi kazi kwayo. Kenya mara nyingi somo hili hulikuti kwa jina lake. Limejificha ndani ya uzamili wa elimu ya lugha, wa mitaala, wa elimu ya awali, au wa elimu maalumu. Kwa hiyo omba orodha ya kozi, usome moja moja.

Mimi orodha hiyo sikuisoma. Nikalipa malipo ya awali kwa chuo kimoja cha ng'ambo kinachofundisha kwa mtandao, na pesa hizo sikuzipata tena. Muhula wa kwanza karibu wote ulikuwa kumweleza mtoto kwa nini maneno ya Kiingereza though na tough hayatamkwi sawa. Elimu nzuri, lakini shida ya mwanafunzi wangu si hiyo. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika silabi anaweza kukusomea chochote, hata asichokielewa. Anapokwama ni kwenye urefu. "Hawakutuambia" ni neno moja! Ndiyo maana vigezo vya Kenya vya kasi ya kusoma vilivyotumika wakati wa Tusome, mradi wa kufundisha kusoma shule za msingi ulioanza 2015, viliweka maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Mtu akichukua jedwali la Kiingereza akampimia mtoto wa Matondoni, kijiji cha hapa Lamu, atamwita mzembe bure.

Halafu kuna lahaja. Mtoto anayesema Kiamu, lahaja ya Lamu, akiona "njia" husoma "ndia", na "mchele" husoma "mtele". Huyo amesoma! Amelitambua neno, akalitamka kwa kinywa cha nyumbani kwao. Mwalimu asiyejua hilo humwekea alama ya kosa, na nimewaona wengi, mimi mwenyewe nikiwemo miaka ya mwanzo. Kozi isiyogusa lugha ya nyumbani ya mtoto, kwa walimu wa pwani hii mimi naiona pungufu, hata ikiwa na jina kubwa namna gani.

Mara ya pili nikapiga simu kabla ya kulipa. Swali langu lilikuwa moja: nitafundisha mtoto gani kusoma, na nani atanitazama nikimfundisha? Chuo kimoja kikanijibu kwamba nitaandika tasnifu tu. Nikashukuru, nikakata simu. Kingine kikaniambia kila likizo nitakaa na mtoto mmoja anayeshindwa kusoma, nirekodi vipindi, na msimamizi avisikilize pamoja nami. Nikaenda huko, ingawa ni boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, na kisha basi la saa nyingi. Kipindi changu cha kwanza, msimamizi alisimamisha rekodi akaniuliza, "Mwalimu, mbona unamjibia?" Nilikuwa nikimtajia mtoto neno kila aliponyamaza, nisimpe hata nafasi ya kupumua. Miaka tisa hakuna aliyewahi kuniambia.

Mengine ni ya kawaida. Chuo kikiwa cha nje, uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama shahada yake itatambuliwa. Uliza kama masomo ni ya likizo za shule, la sivyo utahitaji ruhusa ya masomo. Na usiingie ukitegemea kwamba cheti peke yake kitakupandisha daraja.

Tasnifu ndiyo inayozamisha watu. Najua walimu waliomaliza kozi zote wakakwama hapo miaka, kwa sababu walichagua mada ya mbali na darasa lao. Chukua swali ulilonalo tayari kwenye madawati yako. Na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ukiombe mapema. Mimi nilichelewa, muhula ukanipita, na watoto niliotaka kuwapima wakawa wameshapanda gredi.