Klabu ya Mbio Haianzi na Jezi

Kijana mmoja wa Wete, huku kwetu Pemba, kaniandikia wiki iliyopita. Anasema tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, hatulii. Anataka kuanzisha klabu ya mbio mtaani kwao. Halafu akauliza: "Kaka, jezi mlishonesha wapi?"

Simbu na Mjerumani Amanal Petros wote waliandikiwa 2:09:48, dhahabu ikaamuliwa kwa sekunde 0.03. Na ndugu yetu anawaza jezi.

Sisi tulianzia nje ya uwanja wa Gombani, baada ya sala ya alfajiri, wachache mno, mmoja wetu na makubadhi. Tukashika njia ya Vitongoji. Waliokuwa wanatoka msikitini wakatuuliza nani kafa. Msimu wa karafuu ulipofika ikawa balaa jengine, kwani majamvi yanatandazwa pembeni mwa lami, pale pale tunapopita. Siku moja mwenzetu alikanyaga pembe ya jamvi, karafuu zikamwagikia barabarani. Bibi mwenyewe akainuka: "Miguu yenu haina kazi nyie? Basi njooni mchume!" Tukapiga magoti sote tukaziokota, huku tunahema. Na kweli, wawili walikwenda kuchuma, mbioni hawakuonekana tena mpaka msimu ukaisha. Siwalaumu, kule kuna pesa.

Masika nayapita tu. Mvua ni mvua, unaloa, unakwenda.

Kilichotuumiza ni ahadi. Bwana mmoja, simtaji, alitwambia atatuvalisha klabu nzima. Ghafla tukawa wengi hatujuani! Watu wanakuja, wanapiga picha, wanakimbia mpaka Machomanne, wanarudi kuulizia saizi zao. Jezi zikaja pungufu. Waliozipata wakaondoka nazo, wakaunda klabu yao. Mpaka leo nikiwaona wanapita na jezi zile za kijani moyo unaniuma, na salamu naitikia kwa taabu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikiliza. Weka saa maalumu, pahala pamoja, usibadilishe. Ikifika saa, ondokeni hata kama mko wawili. Mwenye mbio asimwache mzito. Akitangulia, ageuke amfuate. Tena nasema, saa ni ile ile. Watu wa kwetu wanapenda kungoja waone kama jambo litadumu, na wewe unataka kuwabembeleza kwa vitambaa? Vijana wa sasa mnapenda kuonekana kabla ya kutoka jasho. Toka jasho kwanza.

Katiba andikeni mapema, muende kwa Mrajis wa Vyama vya Michezo mkasajili, ili jina lenu lisichukuliwe na wajanja. Wasichana wakitaka kuingia, nenda ukazungumze na wazee wao wewe mwenyewe, uso kwa uso. Kwetu mama mmoja alikuja kumchunga bintiye, sasa anatembea na sisi kila Jumamosi, na ndiye anayeshika daftari la michango. Senti haipotei.

Na Ramadhani msifunge klabu. Sisi hukutana baada ya tarawehe, mbio fupi za taratibu, maji kila mtu na chupa yake. Mkiacha mwezi mzima, Idi mosi mtakula, Idi pili mtalala, na baada ya hapo utampigia simu mmoja mmoja na hakuna atakayepokea.