Kuhama Kemia kwenda Takwimu baada ya sapu mbili
Pole sana mdogo wangu. Umeandika kwamba mwaka wa kwanza umepata sapu mbili (mitihani ya kurudia) za oganiki, yaani kemia ya kaboni, na wiki nzima hulali. Zinaumiza, naelewa unavyotamani kukimbilia Takwimu. Mimi nilihama Fizikia, nikakuta hesabu zilezile zinanisubiri. Kwa hiyo pitia kwanza masomo ya huko: kalkulasi na matriksi unaziweza? Kama kinachokushinda ni maabara na mimenyuko tu, hama. Lakini sapu zifanye, maana ukidisko (ukiondolewa chuoni kwa kufeli) hutakuwa na pa kuhamia. Muone mkuu wa idara mapema, muda wa uhamisho ni mfupi, kisha afisa mikopo, kwa sababu kozi ikibadilika mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) unaweza kuguswa. Hilo la kukosa usingizi wiki nzima usilibebe peke yako, nenda kwa mshauri wa wanafunzi kesho.